Risasi Zilizokataa Ukucha

Wajukuu zangu, wa kuzaa na wa mtaani, mwezi huu mmekuja kwangu hapa Misugusugu mara tatu. Mmeketi kwenye benchi langu, mmenionyesha kwenye simu Mzungu mwenye ndevu anayemimina risasi za bunduki ya upepo kwa mashine inayong'aa kuliko vyombo vya harusi, halafu mkaniuliza, "Bibi, ni kweli wewe ulikuwa unazitengeneza hizi kwa jiko la mkaa?" Ni kweli. Nimezitengeneza kwa miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu. Mkaniomba niwafundishe, nikawafukuza, mkaondoka mmenuna. Mmoja wenu alisema getini, tena nilimsikia vizuri, "Huyu bibi ana roho mbaya."

Basi naandika. Nimeishia darasa la nne, mwandiko mtauvumilia. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitafika mahali nitanyamaza, na hapo ndipo mnapotakiwa kupasikia. Kuna mtu anaitwa Maganga, mkulima, anaishi Msimbu. Ana jicho moja. La pili limekwenda na risasi niliyoimimina mimi kwa mkono wangu, na kabla haijampata alikuwa ameshanionya. Yote nitakayosema kuhusu kazi hii, yasomeni mkiwa mmelishika hilo.

Kazi sikuitafuta. Niliolewa Mzenga, kwa watu wa mahindi na mikorosho, na kule ukiwa mkulima hupumziki, unagombana na wanyama mwaka mzima. Ngedere wanakuja na familia zao kama wamealikwa. Panya buku wanakula muhogo kuanzia chini, wewe unaona majani tu yanapepea unafikiri una shamba. Tuliamia mashamba, tukiwafukuza kwa madebe na makombeo. Baadaye wanaume wawili watatu wakapata bunduki za upepo, zenye vibali vyake, lakini vikopo vya risasi vilikuwa vinapatikana mjini tu, tena kwa kubahatisha. Shemeji yangu Elia, mdogo wake mume wangu, alikuwa fundi wa baiskeli na vitasa. Akachukua shaba ya koki kuukuu, akaichonga pande mbili zinazofumbana, katikati akaacha nafasi ya risasi moja. Hiyo ndiyo kalibu. Mkewe alikuwa anaogopa moto. Mimi nilikuwa pale namenya mihogo.

"Shemeji," akaniambia, "wewe mkono wako hautetemeki. Acha mihogo, njoo ushike mwiko huu."

Nikaacha mihogo. Mume wangu alikula wali mkavu siku ile.

Somo la kwanza lilikuwa jasho. Niliinamia sufuria yenye madini ya risasi yaliyoyeyuka, tone moja likaanguka kutoka kwenye paji la uso. Maji yakiingia kwenye madini ya moto hayachemki, yanalipuka. Madini yaliruka, yakanigusa hapa chini ya sikio, kovu mnaliona. Elia hakuniuliza kama nimeumia. Alisema, "Sasa umejua kwa nini fundi anafunga kitambaa kichwani." Tangu siku ile sikukaribia jiko bila kitambaa, na kama mawingu yalikuwa yanatishia sikuwasha kabisa.

Somo la pili ni kwamba kalibu ya baridi haizai. Zile kumi za kwanza zinatoka na mikunjo kama shingo yangu ya leo. Hizo zirudishe jikoni bila kuzionea huruma. Mimi nilizionea. Nilikuwa nazificha chini ya kikopo, nzuri nazipanga juu. Elia alimwaga kikopo chote kwenye ungo mbele ya mteja, akaanza kuzichambua moja moja kama mchele, mteja anamwangalia, mimi natafuta pa kuweka uso. Mteja alipoondoka akaniambia, "Shemeji, mteja anakula ya chini pia."

La tatu lilikuwa ukucha, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Madini mazuri kwa bunduki ya upepo ni yale laini. Unaikandamiza risasi kwa ukucha wa kidole gumba, na ukucha uache alama. Ikiacha alama, ni yake. Ikikataa, weka pembeni, hata ingekuwa nzuri namna gani. Elia alisema bunduki ya upepo haina nguvu ya baruti. Risasi laini ikigonga kitu kigumu inapondeka na kuishia hapo hapo. Ngumu hairidhiki, inatafuta pengine pa kwenda.

Mtaniuliza hayo madini laini tuliyapata wapi. Elia alikuwa na mabomba ya zamani na maganda ya nyaya nene za simu zilizotupwa. Yalikuwa na rangi ya mawingu, ukiyakata yanang'aa kidogo kisha yanafifia. Aliyaweka kwenye gunia chini ya kitanda. Mkewe alikuwa anasema watu wengine wanalala juu ya akiba, yeye analala juu ya mabomba.

Kumimina siyo kazi kubwa, hata hao wa kwenye simu wanamimina. Kazi ni kuzinyoosha. Kila bunduki ina koo lake, yaani upana wa mtutu, hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Tulikuwa na bati nene lenye matundu, kila tundu la mteja wake, na kwa kuwa sikuwa hodari wa kusoma niliweka alama za msumari, huyu nyota, huyu msalaba, huyu mistari miwili. Risasi inapitishwa kwenye tundu la mwenyewe kwa kugongwa taratibu na kipande cha mti, ikipita bure ni nyembamba, ikigoma ni nene. Kisha naziviringisha juu ya kioo cha dirisha nilichokiinamisha kwa kitabu. Iliyonyooka inakwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Iliyopinda inakata kona kama mlevi anayerudi nyumbani. Mwisho nazipaka nta ya nyuki iliyolegezwa kwa mafuta kidogo. Kidogo, nimesema. Ukizidisha, mtutu unajaa uchafu na mteja anarudi na maneno.

Mteja siku zote anarudi na maneno. Alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa suruali ya kupigwa pasi hata shambani, akikosa ndege anakuja kunieleza kwamba risasi ilikuwa na kasoro upande wa kushoto. Siku moja nikampa risasi zile zile alizozirudisha, nimezifuta tu kwa kitambaa. Akaja Jumapili baada ya ibada kunipongeza. "Umezirekebisha," akasema. Nikasema, "Nimezirekebisha, mwalimu." Hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Niliona mteja akilalamika, tatizo ni macho yake.

Na lingine, kabla sijasahau. Sisi tulikuwa tunakunywa maziwa baada ya kazi, kama wapaka rangi, tukiamini yanasafisha sumu. Nesi mmoja hapa Kibaha alikuja kuniambia maziwa hayasafishi kitu. Kinachosaidia ni kufanya kazi nje penye upepo, kunawa kwa sabuni kabla ya kula, na sufuria ya madini isirudi jikoni. Nilikunywa maziwa miaka yote ile kwa imani. Siyapendi hata kidogo.

Mume wangu alipofariki nilihamia hapa Misugusugu kwa binti yangu Neema, na wateja wakanifuata. Huku ndiko nilikomjua Maganga. Mara ya kwanza alipokuja alisimama getini na bodaboda yake, akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Huyu ndiye fundi?" akasema. "Mbona anafanana na sanamu la kutishia ndege? Ningekusimamisha wewe shambani, bunduki ningeiuza."

Nikamuuliza kwao wapi. Akasema Tabora, Mnyamwezi. Nikashusha pumzi, kumbe ni mtani wangu, maana mimi ni Mzaramo.

"Nilidhani wewe ni mgonjwa," nikamjibu. "Kumbe ni ule mzigo babu yako alioubeba kichwani kuja pwani. Utosi wa ukoo mzima ulibonyea."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia siku ile hatukuwahi kuongea kama watu wa kawaida. Akija asipotukana, Neema anauliza kama anaumwa. Alikuwa akiingia anafunua sufuria yangu, anasema Wazaramo wakinyimwa nazi siku mbili wanazirai. Mimi namwambia kwamba mkewe, Mama Kulwa, alimkubali kwa kukosa jembe. Wanangu walimpenda. Alikuwa mpigaji mzuri, mzuri kuliko wote niliowahi kuwatengenezea, alama yake kwenye bati ilikuwa nyota.

Elia naye akafariki. Gunia lake nililirithi, nikalitumia mpaka likabaki vumbi. Nikaenda kwenye gereji ya barabarani hapa, wakanipa vile vizito vinavyobandikwa kwenye ringi za magari ili tairi lisitetemeke. Viko vingi, wanavifagia. Nikaviyeyusha. Wajukuu zangu, zilitoka risasi nzuri sijapata kuona. Kalibu ilijaa mpaka pembeni, hakuna mkunjo, zinang'aa kama shanga. Nikiiangusha moja kwenye saruji inalia. Zile za Elia zilikuwa zinaanguka kama udongo.

Niliikandamiza kwa ukucha. Ukucha ukateleza.

Niliona. Nisiseme sikuona. Nilikaa nayo mkononi, nikajiambia Elia alikuwa fundi wa baiskeli, angejua nini kuhusu madini ya magari. Nikajiambia nzuri hivi haiwezi kuwa mbaya. Nikazipitisha kwenye bati, nyingine zilikuwa nene kidogo, nikagonga kwa nguvu zaidi. Nikazipaka nta. Nikawapa watu.

Hazikupita wiki nyingi Maganga akaja. Walikuwepo majirani wawili wanasubiri, na yule mwalimu wa pasi.

"Mtani," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "hizi risasi zako mpya zina adabu kuliko wewe. Nikizituma zinakwenda, halafu zinarudi kuniaga."

Watu wakacheka. Nikasema, "Zinarudi kukutazama. Haziamini kama sura hiyo ni ya mtu."

Wakacheka zaidi, na yeye akacheka. Lakini hakuondoka. Akafungua kiganja, kulikuwa na risasi moja. "Hii nimeiokota miguuni pangu. Nilipiga panya kwenye kisiki cha mkorosho, nikamkosa, ikatoka kwenye kisiki ikanirudia."

"Mnyamwezi akikosa panya anashitaki kisiki," nikasema.

"Na zinabana. Nazisukuma kwa kidole gumba mpaka kinauma."

"Kidole gani hicho kinachoumwa kazi? Kipeleke kwa Mama Kulwa akibembeleze."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta miwani. Maganga akaiweka ile risasi juu ya benchi, taratibu, akanitakia siku mbaya kama kawaida yake, akaondoka. Mimi nikaichukua nikaitupa kwenye sufuria. Wala sikuigeuza kuona imepondeka upande gani. Ningeigeuza ningekuta haikupondeka kabisa.

Akaja tena. Safari hii alikuwa amechoka, ametoka kupalilia. Akasema, "Mtani, nyingine imepita hapa karibu na sikio, nimeisikia ikilia."

Nikamwangalia masikio. "Imekosa hilo?" nikasema. "Kubwa namna hiyo? Basi kweli ni mbovu."

Alicheka kidogo. Akanywa maji niliyompa, akasema, "Haya, mtani." Akachukua kikopo kingine.

Ndiyo, alichukua kingine. Mama Kulwa ameniuliza mara nyingi kwa nini alichukua kama alishaona. Mimi najua kwa nini. Aliamini kwamba nimesikia.

Neema ndiye aliyepigiwa simu. Asubuhi, jua limeshatoka, panya yuko juu ya kisiki, Maganga amepiga, risasi imerudi. Hospitalini nilikuta wamemfunga kitambaa nusu ya uso. Nilisimama pale mlangoni na chungwa kwenye mfuko. Sikujua maneno mengine ya kumwambia mtu yule. Nikasema tuliyoyazoea.

"Mtani, afadhali. Sasa uzee wangu utauona nusu."

Maganga akageuza uso ukutani. Mama Kulwa hakunifokea. Alifungua pochi yake, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa, akaniwekea mkononi. "Daktari ameitoa hii," akasema. Nilitoka nayo nje kwenye veranda. Risasi ilikuwa na mchubuko mdogo nchani, basi, bado inang'aa. Nikaikandamiza kwa ukucha kwa nguvu zangu zote, ikakataa.

Nilirudi nyumbani nikaijaribu kila risasi iliyokuwa ndani. Zote zilikataa. Nikazunguka kwa wateja mmoja mmoja nikazikusanya, nikiwaambia zimeharibika. Sikuwaambia kwa nini. Watu walisema ni ajali, mwalimu akasema Maganga alisimama karibu mno na kisiki, na mimi nikaacha waseme. Niliacha waseme mpaka mahindi yakavunwa. Hilo nalo limo kwenye hesabu yangu, labda kubwa kuliko la jicho, kwa maana jicho sikulikusudia.

Baada ya mavuno nikaenda Msimbu. Nilimkuta anapukuchua mahindi barazani, amekaa amegeuza kichwa upande kama kuku anayesikiliza. Nikamweleza yote. Madini ya magari, ukucha, ile niliyoitupa kwenye sufuria. Nilipomaliza akasema, "Nilikwambia."

"Uliniambia," nikasema. "Nilidhani unanitania."

Akaendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likabaki jeupe. Kisha akasema, bila hasira, ningependa angekuwa na hasira, "Mimi na wewe tangu tujuane hatujawahi kuongea namna nyingine. Ningekwambiaje?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta tangu siku ile. Watu wakitaniana hivyo hawakasirikiani, na ndiyo raha yake, unaweza kumwambia mtu lolote. Mimi nilikuwa naambiwa lolote, nikachagua kusikia kicheko. Angeniambia mgeni maneno yale yale, ningezima jiko.

Kalibu niliipasua kwa nyundo. Ndiyo maana nawafukuza, wajukuu zangu, sina cha kuwaonyesha. Mnaweza kuchonga yenu, siwezi kuwazuia, simu mnayo na kichwa kigumu mnacho. Mkichonga, vaeni miwani, wapeni wenye vibali tu, na kila madini mapya yakiingia, hata kama yametoka kwa mtu unayemwamini, yapige ukucha kabla hujawasha moto. Na akija mtu kukwambia kazi yako ina kasoro, akiwa anacheka, akiwa amelewa, akiwa ni adui yako, akiwa ni mtu ambaye hajawahi kusema neno la maana maishani, wewe simamisha kazi, chukua alichokuletea, kigeuze kwenye mwanga. Utacheka baadaye.

Mwaka jana tulimzika dada yangu kule Mzenga. Mnajua mtani anavyotakiwa kufanya kwenye msiba wetu. Anakaa juu ya udongo wa kaburi anagoma kuondoka mpaka apewe kitu, anajifunga khanga ya marehemu, anawaiga wafiwa wanavyolia, mpaka aliyelia tangu asubuhi anacheka kwa lazima. Nilisikia Maganga amekuja. Ndugu zangu walifurahi, wakamwachia nafasi kabisa pembeni ya kaburi. Nami nikasogea mbele, nikasimama pale anaponiona kwa jicho lake zima, nikangoja anitukane.

Alikuwa amevaa shati jeupe. Alipita katikati ya watu, akachota udongo mkono mmoja, akautupa. Kisha akaja mpaka nilipokuwa, akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema. "Pole na msiba."

Nikamwitikia marahaba. Akaenda kukaa na wazee.